Mama alipopata kiharusi hapa Tanga: picha ya ubongo ilisema lake, kidole kilisema lake

Mwalimu wa Ngamiani

Assalaam alaykum na habari zenu wakuu.

Uzi huu nimeuahirisha miezi saba. Leo nauandika kwa sababu ndani ya mwezi mmoja watu watatu wa mtaani kwetu wameanguka kwa kiharusi, na kila nyumba niliyoingia kumjulia hali mgonjwa nimeikuta ile bahasha kubwa ya picha za kichwa imelazwa juu ya kabati, hakuna anayejua imesema nini. Neno walilobaki nalo ni moja: "Wamesema ni kubwa." Na sisi tuliambiwa hivyohivyo.

Mimi si daktari, ni mwalimu wa fizikia sekondari. Nitakayoandika nimeyapata kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa kukaa na mama yangu.

Mama anapika chapati za asubuhi. Usiku saa 4 tuliagana mzima. Saa 11 alfajiri sikusikia harufu ya mkaa, nikatoka uani. Nilimkuta amekaa chini mbele ya kibao, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine, mdomo umekwenda upande, na mkono wa kushoto bado unasukuma donge la unga. Nikamwita. Akanitazama, akafungua kinywa, ikatoka "te, te, te" tu.

Jirani mmoja alikuja mbio na aspirini. Mwingine akaleta kidonge cha presha cha kuweka chini ya ulimi. Dada yangu alivikataa vyote, na siku hizi namshukuru Mungu kwa ukaidi wake. Kiharusi ni magonjwa mawili yenye jina moja. Kuna mshipa ulioziba, na kuna mshipa uliopasuka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, hata daktari bingwa hawezi. Aspirini inamsaidia wa kwanza na inaweza kumwongezea damu kichwani wa pili. Na presha ukiishusha ghafla, ile sehemu ya ubongo inayopigania damu unainyima hata ile kidogo iliyokuwa ikifika.

Kinachotofautisha ni picha. Kipimo cha CT kinapiga eksirei kuzunguka kichwa, kisha kompyuta inakijenga kichwa kipande kwa kipande kama mkate wa boflo uliokatwa. Damu mbichi inaonekana nyeupe papo hapo. Kichwa cha kwanza cha mgonjwa kilipigwa hivyo London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwenzake waliyegawana naye Tuzo ya Nobel mwaka 1979, Allan Cormack, ni mzaliwa wa Johannesburg, na hesabu zake alianza kuzifikiria akiwa anafanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wanafunzi wangu nawaambia kila mwaka kwamba nusu ya kipimo hiki ilianzia Afrika.

CT ya mama haikuonyesha damu. Kumbe ni mshipa ulioziba, upande wa kushoto, unaotawala mkono wa kulia na usemi.

Sasa sikilizeni siku ya tatu. Alikuja binti wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, yuko mafunzoni, mdogo kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha sita. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama ule uliolegea, akasema, "Shikamoo bibi. Ninyooshee vidole." Hakuna. "Bibi, hebu toa shahada." Kidole cha shahada kikainuka. Kidogo, unene wa punje ya mchele, kikaanguka. Binti akaandika kwenye faili. Mimi nilidhani anamfariji tu.

Siku ya tano ikapigwa CT nyingine. Safari hii upande wa kushoto palikuwa na doa jeusi kubwa kama kiganja cha mtoto. Daktari aliyekuwa zamu akainyanyua picha dirishani, akatuambia sehemu hiyo imekufa, mkono hautarudi, tukamtunze nyumbani. Hospitali siitaji wala yeye simtaji. Tuliamini. Nani atabishana na picha? Tukamrudisha mama, tukamlaza, tukamlisha, tukamgeuza. Wiki tano mkono ule hatukuugusa ila kuuosha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndilo lililonileta hapa.

Naendelea chini, nina kipindi.

Mchuuzi wa Makorora

Pole sana Mwalimu, Mungu amjaalie afya bi mkubwa. Baba yangu mdogo alipigwa CT saa mbili baada ya kuanguka, wakasema picha ni safi kabisa. Nyumbani tukasema basi si kiharusi, ni upepo. Tukampeleka kwa mtaalamu wa kuchua. Hivi inawezekana picha iwe safi na mtu amepooza?

Nesi Mstaafu

Inawezekana, na inatokea mara nyingi. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, hili nimelieleza mpaka sauti imenikauka. Saa za mwanzo CT ya mshipa ulioziba inaweza kuonekana kama ya mtu mzima, kwa sababu ubongo ulionyimwa damu haujabadilika rangi bado. Doa jeusi linakuja baadaye, siku ya pili, ya tatu. CT ya mapema inajibu swali moja: kuna damu iliyomwagika au hakuna? Ikiwa safi na mkono umelegea, huyo ana kiharusi mpaka ithibitishwe vingine. Usimpeleke kuchuliwa.

Na ndugu zangu, si ugonjwa wa kizungu huu. Utafiti wa kiharusi uliofanyika hapa nchini kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya kwa mwaka 108.6 kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Hiyo ya Dar ilikuwa miongoni mwa namba kubwa zilizowahi kuandikwa duniani. Presha, presha, presha. Wengi wanaoletwa hawajui kama wanayo.

Mwalimu wa Ngamiani

Ahsante mama Nesi. Swali la Mchuuzi linanipeleka moja kwa moja kwenye MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

Baada ya zile wiki tano, mjomba aliyeko Dar alisisitiza mama apigwe MRI. Tukasafiri. Barabara ya Segera na Chalinze na mgonjwa aliyelala kiti cha nyuma haina utamu, nisiwachoshe. Mlangoni mwa chumba wanakuvua kila cha chuma. Sumaku ya 1.5 tesla ina nguvu mara 30,000 hivi ya sumaku ya dunia inayogeuza dira ya mvuvi. Mama alivuliwa pini za ushungi, hereni, na hirizi ya kibati ambayo hata mimi sikujua kama anayo. Akaingizwa ndani ya lile tundu, mashine ikaanza kugonga kama wapiga bati.

MRI haitumii mionzi ya eksirei. Inasikiliza maji yaliyomo mwilini. Na ipo picha yake moja, kwenye ripoti mtaiona imeandikwa DWI, inayopima maji yanatembea kiasi gani. Seli ikikosa damu inakosa nguvu ya kusukuma chumvi nje, maji yanaingia ndani, seli inavimba. Fikirieni soko la Ngamiani mvua inaponyesha ghafla: waliokuwa wakizunguka wote wanakimbilia vibarazani, vichochoro vinabana, hakuna anayepita. Maji yakibanwa hivyo, DWI inang'aa. Na inang'aa ndani ya dakika, si siku. Huyo baba mdogo wa Mchuuzi, CT ilimwona safi, DWI huenda ingemwonyesha saa ileile.

Kuna jambo lililonifanya nilie niliposoma. Huenda mama aliamka nalo. Saa 4 usiku mzima, saa 11 alfajiri mgonjwa, katikati hakuna ajuaye. Dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na zamani mtu aliyeamka nalo alikuwa hapewi, kwa kuwa saa haijulikani. Wataalamu wakagundua kwamba ubongo wenyewe una saa. DWI inang'aa mapema, lakini picha nyingine ya MRI iitwayo FLAIR inachelewa. Ukikuta ya kwanza inang'aa na ya pili bado, maana yake tukio ni changa, huenda chini ya hizo saa 4 na nusu. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ulaya, WAKE-UP, wagonjwa 503 wa aina ya mama. Waliopewa dawa kwa kuongozwa na picha hizo, 53 kati ya 100 walipona vizuri. Waliopewa dawa bandia, 42. Mama angeweza kuwa kati yao. Au asingeweza, sijui lilimpata saa ngapi. Lakini angalau swali lingeulizwa.

Mpangani

Mwalimu samahani kukukatiza. Baba yangu ameanguka jana mchana, tuko hospitali. CT wamesema hakuna damu. Nakusoma tangu saa nne. Tufanye nini?

Nesi Mstaafu

Pole mwanangu. Kwanza, asilishwe wala kunyweshwa kitu mpaka wampime kumeza, akipaliwa chakula kinaingia mapafuni na nimonia inaweza kumuua. Muulizeni daktari kama ameanza aspirini, kwa kuwa damu haipo. Mgeuzeni kila saa mbili. Mkono uliolegea usivutwe kwapani mnapomwinua, bega litachomoka. Halafu msikilize Mwalimu kuhusu vidole, hilo ni kweli.

Mwalimu wa Ngamiani

Mpangani, pole sana ndugu yangu. Naenda moja kwa moja kwenye vidole kwa ajili yako.

Kule Dar bingwa wa kusoma picha alikuwa mtu mzima mwenye subira. Alinikalisha mbele ya kioo. Nikamwuliza lile swali la wote: doa ni kubwa kiasi gani? Akanijibu, "Swali lako si baya, lakini uliza kwanza limekaa wapi." Akanionyesha. Doa la mama lilikuwa kubwa kweli, ila kwa sehemu kubwa lilikuwa pembeni, juu juu. Ndani kabisa, pale ambapo nyuzi zote zinazobeba amri ya mkono na mguu zinapita zimebanana mahali pembamba, palikuwa pameguswa tu, hapajakatika. Doa dogo kama punje ya choroko likikaa pale linaweza kuua mkono wote. Doa la kiganja likikaa pengine linaweza kuuacha.

Kisha akafungua picha ya rangi, nyuzi za buluu zinashuka kutoka juu ya ubongo kama shungi. Sisi watu wa Tanga tutaielewa hii kuliko wengine. Chukueni kamba ya katani, chovyeni ncha yake kwenye maji yenye rangi. Maji yatapanda kufuata uzi, hayatakimbilia ubavuni. Nyuzi za ubongo nazo zina tabia hiyohiyo, na mashine ikipima maji yanaelekea wapi zaidi inaweza kuchora njia yote. Pale uzi ulipoharibika, maji yanatawanyika ovyo na njia inakonda. Ya mama upande wa kushoto ilikuwa nyembamba kuliko kulia. Lakini ilikuwepo, inashuka mpaka chini.

Nikamsimulia kile kidole cha siku ya tatu. Akaweka kalamu chini. Akaniambia kuna watafiti wa Uholanzi waliofuatilia jambo hilo. Mgonjwa ambaye ndani ya siku tatu anaweza kuinua bega kwa pembeni na kunyoosha vidole, hata kidogo, uwezekano wa kupata matumizi fulani ya mkono baada ya miezi sita ulikuwa 98 kati ya 100. Asiyeweza hata kimoja, 25 kati ya 100. Kufumba si kipimo, kufumba huja kwenyewe. Kunyoosha ndiko kunakohitaji ile njia iwe hai. Huko Auckland, New Zealand, Cathy Stinear na wenzake wameweka utaratibu mzima: siku ya tatu unapima bega na vidole, kila kimoja alama 0 mpaka 5. Wenye jumla ya 5 na kuendelea hawahitaji kipimo kikubwa, mkono una matumaini makubwa. Walio chini ya hapo ndio wanaopimwa zaidi kama njia ya neva bado inapitisha amri.

Yaani kipimo ambacho binti yule alikifanya kwa mikono mitupu, amepiga magoti sakafuni, kilikuwa kimeshajibu. Kikaandikwa kwenye faili. Na picha ya siku ya tano ikakifunika kwa sababu ilikuwa kubwa na nyeusi na imenyanyuliwa dirishani.

Siikatai picha, nimemaliza ukurasa mzima kuisifu. Nasema isomwe na mgonjwa akiwa mbele yako.

Binti wa Muheza

Mwalimu, hiyo habari ya usemi imeishia wapi? Shangazi yangu haongei, lakini ukiweka kaswida anaifuata maneno yote. Watu wanasema ana jini anayechagua.

Mwalimu wa Ngamiani

Dada, hata mama. Jina langu hakuweza kulitamka wiki sita, lakini Alfatiha aliisoma siku ya pili, kutoka bismillahi mpaka amina, bila kukosea. Nyumba nzima ilinyamaza. Maneno tuliyoyakariri tangu utoto hayategemei njia ileile inayotunga sentensi mpya. Hakuna jini hapo.

Ipo aina ya MRI inayoonyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi wakati huohuo, kwa kufuata damu yenye oksijeni. Msingi wake aliuweka Mjapani Seiji Ogawa mwaka 1990. Watafiti wa Freiburg, Ujerumani, waliitumia kwa wagonjwa 14 waliopoteza usemi, wakawapiga picha mara tatu, matokeo yakatoka 2006. Siku za mwanzo upande wa kushoto ulikuwa karibu kimya. Wiki mbili hivi baadaye upande wa kulia uliibuka kusaidia. Miezi ikipita, kazi ilirudi kushoto, kwenye makao yake. Kipimo hicho si cha kumtibu shangazi, ni cha utafiti. Ila kimenisaidia kuelewa kwa nini hutakiwi kumaliza maneno yake kwa niaba yake. Mwache atafute. Anzeni na ile kaswida, mkate mstari katikati, msubirini aumalizie.

Mchuuzi wa Makorora

Naomba niseme ukweli wangu. Baba mdogo alichuliwa na akapata nafuu, sasa anatembea na fimbo. Nimshukuru nani?

Nesi Mstaafu

Mshukuru Mungu, na umshukuru huyo mchuaji kwa kumfanya asilale tu. Lakini miezi mitatu ya mwanzo ubongo unajirudi wenyewe zaidi kuliko wakati mwingine wowote, uvimbe unapungua, njia zilizobaki zinajipanga. Anayekuja wakati huo na mafuta ataonekana ameponya. Swali langu: presha yake anapimwa? Kiharusi cha pili ndicho ninachokiogopa.

Mama Selimundu

Nami nina neno, ingawa si la wazee. Mwanangu ana selimundu, na watoto hawa wanapata kiharusi wakiwa wadogo sana. Kipimo chao si MRI, ni altrasaundi ya kichwani inayopima mwendo wa damu kwenye mishipa ya ubongo. Ukizidi sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani kwa watoto 130 ulionyesha kuwaongezea damu mara kwa mara kunapunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Kwetu damu ni shida, na hospitali ya Bugando kule Mwanza wamefanya utafiti uitwao SPHERE wa kutumia dawa ya haidroksiyurea kupunguza kasi hiyo. Mwenye mtoto wa selimundu aulizie kipimo hicho kabla mtoto hajaanguka. Haumizi, ni jeli na kifaa kwenye panja, ubavuni mwa kichwa, tu.

Mwalimu wa Ngamiani

Ahsante sana Mama Selimundu, hili sikulijua.

Mlioniuliza kwa ujumbe kuhusu mionzi: CT moja ya kichwa ni chini kidogo ya mionzi ya asili ambayo kila mtu anaipata kwa mwaka. Mtu mwenye kiharusi asiikimbie kwa hofu hiyo.

Na aliyeuliza kwa nini huko ughaibuni mtu anatolewa donge hata baada ya saa 20: ni picha tena. Wanachoma dawa ya rangi mshipani na kutazama inachukua muda gani kufika kila kona ya ubongo. Panapopata chini ya asilimia 30 ya damu ya kawaida panahesabiwa pameshapotea. Panapochelewa zaidi ya sekunde 6 pana njaa lakini pangali pazima, kama ile nusu ya kivuli jua linapopatwa. Mtu mwenye eneo dogo lililokufa na eneo kubwa lenye njaa anaingizwa mrija kupitia paja, donge linavutwa. Utafiti wa DAWN wa 2018 ulichukua watu wa kati ya saa 6 na 24. Waliovutwa donge, 49 kati ya 100 waliweza kujitegemea baada ya siku 90. Wasiovutwa, 13. Nimeandika hili ili mjue "mmechelewa" si neno la kuangalia saa peke yake. Ila msichelewe. Kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umeziba, ubongo unapoteza seli za neva zinazokadiriwa milioni 1.9.

Mama tulimwanzisha mazoezi wiki ya sita. Kazi ya kwanza ilikuwa kuachia, si kushika: anapewa tasbihi kiganjani, anatakiwa aiweke mezani. Siku kumi na moja haikutoka, tukawa tunamfungua kidole kimojakimoja. Ya kumi na mbili ilidondoka. Leo anavuta punje moja moja mpaka 33 kwa mkono wa kulia. Kifungo cha gauni bado. Chapati anasukuma, kugeuza anageuza dada.

Mpangani

Mwalimu, mama Nesi, nimerudi. Leo siku ya tatu. Tumempima kama mlivyosema, daktari wa zamu alikuwepo na hakukataa, kafanya mwenyewe. Bega linainuka kidogo kwa pembeni. Vidole bado. Nimeuliza limekaa wapi. Kasema ni dogo, lakini liko ndani, kwenye hiyo njia.

Mwalimu wa Ngamiani

Bega likiinuka, kuna amri inayoshuka. Mpimeni tena kesho asubuhi na keshokutwa, mwandike kwenye faili kila mara, na tarehe. Ile 25 kati ya 100 ilikuwa ya wasiokuwa na chochote. Mazoezi yaanze leo, daktari akiruhusu, wala msingoje vidole. Na kabla hamjaruhusiwa kutoka, ombeni picha zote kwenye CD pamoja na ripoti iliyoandikwa, zile za karatasi haziwezi kusomwa vizuri kwingine. Ukihitaji mtu wa kukaa naye zamu moja, niko Barabara ya 12, Jumamosi sina vipindi.